Mwongozo Kamili wa Kukagua Hisa za Senti za Kampuni Zinazoyumba Kabla Hujanunua

Wasomaji wanaoniuliza kuhusu Soko la Hisa la Nairobi hukwama mahali pamoja mara kwa mara. Wanaona hisa inayouzwa kwa senti 40, wanakumbuka kwamba iliwahi kuuzwa kwa shilingi 20, wanafikia uamuzi kwamba bei hiyo haina pengine pa kushuka, kisha wananunua hisa nyingi kwa fedha kidogo na kukaa kungoja. Swali la jinsi ya kuzitoa fedha hizo huja baadaye, wakati mwingine baada ya biashara ya hisa hizo kusimamishwa kabisa.

Mwongozo huu unaeleza hatua za kufuata kabla ya kutuma oda ya kununua, na mambo ya kufanya baada ya kununua. Mifano mingi ni ya Kenya, lakini taratibu zenyewe zinafaa pia kwa anayenunua Dar es Salaam, Kampala au Kigali. Kenya Airways, ambayo nitaitaja zaidi ya mara moja, imeorodheshwa pia katika masoko ya Dar es Salaam na Kampala.

Kwa hisa za senti ninamaanisha hisa zinazouzwa kwa shilingi chache au chini ya shilingi moja, za kampuni iliyozoea hasara, inayodaiwa kuliko uwezo wake au iliyo kwenye mvutano na wadai. Bei ya chini peke yake si ugonjwa. Safaricom iliuza hisa zake kwa Sh5 mwaka 2008, na mwaka uliofuata bei ikashuka chini ya Sh3, ilhali kampuni ilikuwa ikipata faida muda huo wote. Kazi ya ukaguzi ni kutenganisha hali hizo mbili.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti kamili za mwaka za kampuni kwa miaka mitano iliyopita, pamoja na maelezo ya hesabu yaliyo kurasa za nyuma. Muhtasari wa matokeo unaochapishwa gazetini hautoshi, kwa kuwa mambo mazito hukaa kwenye maelezo hayo.
- Matangazo yote ambayo kampuni imetoa kwa soko katika miaka miwili iliyopita: tahadhari za kushuka kwa faida, kuondoka kwa wakurugenzi, mazungumzo na wadai, kesi mahakamani.
- Orodha za bei za kila siku kwa miezi mitatu, zenye idadi ya hisa zilizouzwa kila siku.
- Akaunti ya CDS, yaani akaunti ya kielektroniki ambamo hisa zako huhifadhiwa, na dalali wa hisa aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hakikisha jina la dalali huyo liko kwenye orodha ya mamlaka yenyewe. Usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tangazo lake.
- Kikokotoo na daftari. Majibu ya kila hatua yaandikwe kabla ya kununua, kwa sababu mtu aliyekwisha kununua husoma ripoti akitafuta sababu za kujifariji.

## Hatua ya 1: Weka kikomo cha fedha

Andika kiasi ambacho kikipotea chote hakitagusa karo, kodi ya nyumba, mtaji wa biashara wala akiba ya dharura. Kiasi hicho ndicho kikomo chako kwa hisa zote za aina hii kwa pamoja, si kwa kila kampuni. Usitumie mkopo, hata ule mdogo wa simu, kwa kuwa mkopo una tarehe ya kulipwa ilhali hisa ya kampuni inayoyumba haina tarehe ya kupona.

## Hatua ya 2: Kokotoa bei ya kampuni nzima

Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote zilizotolewa, ambayo utaikuta kwenye maelezo ya hesabu chini ya mtaji wa hisa. Hapo utapata bei ambayo soko linaipa kampuni nzima, na hiyo ndiyo ya kulinganisha na faida, madeni na mali zake.

Hatua hii ni muhimu kwa sababu bei ya hisa moja haikuelezi lolote kuhusu urahisi wa kampuni. Safaricom ina hisa bilioni 40 na ushei. Kwa Sh3 kila moja, kampuni nzima ilikuwa na thamani ya takriban Sh120 bilioni. Kampuni nyingine inaweza kuwa na hisa milioni 10 zinazouzwa kwa Sh200 kila moja, na yote ikawa ya Sh2 bilioni tu. Anayesema hisa ya senti 40 ni rahisi kuliko ya Sh200 hajakokotoa chochote bado.

Hapa pia ndipo pa kuivunja ile imani kwamba bei iliyoshuka sana haiwezi kushuka tena. Hisa iliyopoteza asilimia 90 ya bei yake ni hisa iliyopoteza asilimia 80 kwanza, kisha ikapoteza nusu ya kilichobaki. Home Afrika iliingia sokoni mwaka 2013 kwa Sh12, na baadaye ikawa ikiuzwa chini ya shilingi moja kwa miaka. Kati ya bei hizo mbili walikuwapo walionunua kwa Sh6 wakiona wamepata nusu bei, na walionunua kwa Sh3 wakiona wamepata robo bei. Wote hao walikuwa na sababu ileile, na kila mmoja alipoteza sehemu kubwa ya fedha zake.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi kama hii bila kutazama bei ya zamani: "Soko linaipa kampuni hii Sh900 milioni, inadaiwa Sh6 bilioni, na mwaka jana ilipata hasara ya Sh700 milioni."

## Hatua ya 3: Soma mizania kuanzia chini

Mizania ni taarifa inayoonyesha mali, madeni na mtaji wa kampuni. Wengi huiruka na kuanza na taarifa ya mauzo. Katika kampuni inayoyumba, anza na mtaji wa wanahisa, yaani kinachobaki baada ya kutoa madeni yote kwenye mali zote. Ukiwa hasi, maana yake ni kwamba hata mali zote zikiuzwa kwa bei iliyoandikwa vitabuni, wadai hawatalipwa wote, na mwanahisa hana chochote kinachomngoja.

Kenya Airways ni mfano ulio wazi. Kwa miaka kadhaa madeni yake yalizidi mali zake kwa zaidi ya Sh100 bilioni, lakini hisa zake ziliendelea kuhesabiwa kuwa na bei. Aliyezinunua hakuwa akinunua mali. Alikuwa akinunua matumaini kwamba serikali na wadai wangeendelea kuivumilia kampuni mpaka ipate faida. Huenda matumaini hayo yakatimia, na mwaka 2024 shirika hilo lilitangaza faida ya Sh5.4 bilioni, ingawa katika nusu ya kwanza ya 2025 lilirudi tena kwenye hasara. Ninachosisitiza ni kwamba mnunuzi ajue ananunua kitu gani.

Kisha linganisha madeni yanayopaswa kulipwa ndani ya miezi 12 na mali zinazoweza kugeuzwa kuwa fedha ndani ya muda huohuo. Madeni yakiwa mara mbili au tatu ya mali hizo, uhai wa kampuni uko mikononi mwa wadai. Angalia pia mikopo iliyohamishwa kutoka kundi la muda mrefu hadi la muda mfupi, kwa kuwa mara nyingi ni dalili kwamba masharti ya mkopo yamekiukwa na benki ina haki ya kudai fedha zake zote mara moja.

Malizia na taarifa ya mtiririko wa fedha. Usidanganywe na faida iliyotokana na kuuza ardhi au kuthaminisha upya majengo, kwa sababu faida ya namna hiyo haijirudii. Fedha zinazotokana na shughuli za kila siku zikiwa hasi kwa miaka mitatu mfululizo, kampuni inaishi kwa kukopa, kuuza mali au kuwaomba wanahisa fedha mpya. Andika ni ipi kati ya hizo tatu.

## Hatua ya 4: Soma ripoti ya mkaguzi wa hesabu neno kwa neno

Ripoti ya mkaguzi huwa na kurasa chache tu, na ndiyo sehemu ninayoomba usiiruke hata ukiruka mengine. Tafuta kwanza maoni yenyewe. Maoni safi yanasema kwamba hesabu zinaonyesha hali halisi. Maoni yenye kasoro yanataja jambo ambalo mkaguzi hakubaliani nalo au hakupata ushahidi wake. Maoni hasi yanasema kwamba hesabu hazionyeshi hali halisi. Mbaya zaidi kwa anayetaka kununua ni pale mkaguzi anapokataa kutoa maoni, maana hana ushahidi wa kutosha kusema lolote.

Baada ya hapo tafuta aya inayozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi aya hiyo hufungua kwa kukuelekeza kwenye maelezo fulani ya hesabu, hutaja hasara ya mwaka, hutaja kiasi ambacho madeni ya muda mfupi yanazidi mali za muda mfupi, kisha husema kwamba mambo hayo yanaonyesha kuwapo kwa mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea. Halafu inakuja sentensi inayowapotosha wengi: mkaguzi anasema kwamba maoni yake hayajabadilika kuhusiana na jambo hilo.

Sentensi hiyo haimwondolei mnunuzi wasiwasi. Inamaanisha tu kwamba kampuni imekiri mashaka hayo vizuri katika hesabu zake. Kwa hiyo maoni yanaweza kuwa safi na kampuni ikawa karibu kuanguka, yote katika ripoti ileile. Fungua maelezo yaliyotajwa na usome mpango wa wakurugenzi wa kujiokoa. Mpango unaotegemea fedha ambazo hazijaahidiwa kwa maandishi na mtu yeyote ni matarajio tu, hata ukipangwa kwa ustadi.

Ukikuta kampuni haijatoa ripoti kabisa, usiendelee. Nchini Kenya kampuni iliyoorodheshwa hutakiwa kutoa hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi minne baada ya mwaka wake wa fedha kwisha, na hutakiwa kuwatahadharisha wawekezaji iwapo faida inatarajiwa kushuka kwa asilimia 25 au zaidi. Kampuni inayopitisha tarehe hizo ina jambo ambalo haitaki au haiwezi kulieleza, na mwanahisa mdogo hana njia ya kulijua kabla ya wengine.

## Hatua ya 5: Chora foleni ya wadai

Kampuni ikianguka, mali zake hazigawanywi sawa. Kwa jumla, mdai aliyewekewa mali fulani kama dhamana huchukua thamani ya mali hiyo. Gharama za usimamizi wa ufilisi, mishahara kwa viwango vinavyowekwa na sheria na baadhi ya kodi hupewa kipaumbele. Wenye dhamana ya jumla juu ya mali zinazobadilikabadilika, kama vile bidhaa zilizo ghalani, hufuata, kisha wadai wasio na dhamana, kama vile wasambazaji wa bidhaa. Mwenye hisa za kawaida ni wa mwisho kabisa.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari na uandike kiasi cha kila kundi. Nitaonyesha kwa kampuni ya kubuni. Vitabuni ina mali za Sh10 bilioni. Benki zenye dhamana zinaidai Sh5 bilioni, mishahara na kodi ni Sh400 milioni, na wasambazaji wanadai Sh3 bilioni. Jumla ya madeni ni Sh8.4 bilioni, hivyo kwa karatasi wanahisa wana Sh1.6 bilioni. Ikiwa soko linaipa kampuni hiyo Sh500 milioni, mtu atakuambia kwamba inauzwa chini ya theluthi moja ya thamani yake.

Sasa jiulize mali hizo zitaleta kiasi gani zikiuzwa kwa haraka. Mitambo iliyochakaa, madeni ya wateja wasiolipa na bidhaa zilizolala ghalani haziuzwi kwa bei ya vitabuni. Zikileta asilimia 60, zinapatikana Sh6 bilioni. Benki zinachukua 5, mishahara na kodi 0.4, na wasambazaji wanagawana Sh600 milioni kwa deni la Sh3 bilioni, tena kabla ya kulipa gharama za wasimamizi. Wanahisa wanapata sifuri. Ili mwanahisa apate hata shilingi moja, mali hizo zingepaswa kuuzwa kwa zaidi ya asilimia 84 ya bei ya vitabuni. Asilimia hiyo, ambayo ni jumla ya madeni ukigawa kwa jumla ya mali, ndiyo unayopaswa kuiandika kwa kila kampuni. Ikikaribia 100, wewe huna mto wowote wa kukukinga.

Hili limetokea kwetu zaidi ya mara moja. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Agosti 2018. Mali zake za Kenya zilinunuliwa na National Cement, na kiwanda chake cha Maweni kule Tanga kikachukuliwa na kampuni ya Huaxin ya China. Viwanda vilipata wenyewe wapya, saruji ikaendelea kutoka, na wanahisa wa kawaida hawakubakiziwa kitu. Ndiyo sababu hoja kwamba "kiwanda kipo na ardhi ipo" haitoshi. Kiwanda kinaweza kuendelea kuwapo bila wewe.

Mumias Sugar ilikabidhiwa na benki ya KCB kwa meneja mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa na mdai ili kumrudishia fedha zake, mwezi Septemba 2019, hisa zake zikiwa zimefikia karibu senti 30. Mwishoni mwa 2021 kiwanda kilikodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda. Wengi walioshika hisa walifurahia habari hiyo kana kwamba ni ufufuo wa hisa zao, ilhali kodi ya kiwanda inayolipwa na aliyekikodi huelekezwa kwanza kwa wadai waliomleta mrasimu. Ukisikia kwamba kampuni imepata mwekezaji, uliza mara moja: mwekezaji ananunua hisa za kampuni, ananunua mali zake au anakodi mitambo? Katika hali mbili za mwisho hisa zako zinaweza kubaki bila thamani hata mambo yakienda vizuri.

## Hatua ya 6: Pima uwezekano wa umiliki wako kumomonyoka

Hatari hii haionekani haraka kama ufilisi, na nadhani ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kampuni inaweza kuokolewa kwa kutoa hisa mpya nyingi kwa wadai au kwa mwekezaji mkubwa. Kampuni ikapona, lakini kipande chako kikawa chembe.

Rudi kwenye Kenya Airways. Kabla ya mpango wa mwaka 2017, serikali ilikuwa na asilimia 29.8, KLM asilimia 26.7, na wengine wote asilimia 43.5. Madeni yalipogeuzwa kuwa hisa, serikali ilifika asilimia 48.9, benki za Kenya zikapata asilimia 38.1 kupitia kampuni waliyoiunda, na KLM ikateremka hadi asilimia 7.8. Ukijumlisha hizo tatu, utaona kwamba kilichobaki kwa wengine wote, wakiwemo wafanyakazi na wanahisa wadogo, ni karibu asilimia 5. Aliyekuwa akingoja shirika lipone alipaswa kuhesabu kwamba faida yoyote ya baadaye ingegawanywa kwa kipimo hicho kipya.

Njia ya pili ni hisa stahiki, ambapo wanahisa waliopo huombwa kununua hisa mpya, mara nyingi kwa bei iliyo chini ya ile ya soko. Asiyenunua humomonyoka, na anayenunua huongeza fedha kwenye kampuni ileile yenye matatizo. Uchumi Supermarkets ilikusanya Sh895 milioni kwa njia hiyo mwishoni mwa 2014, kwa bei ya Sh9 kwa hisa. Katikati ya 2015 mtendaji mkuu na mkuu wa fedha waliondolewa, na mwezi Oktoba mwaka huohuo matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Baadaye hisa hizo zilikuwa zikiuzwa kwa senti.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tafuta kwenye maelezo ya hesabu mikopo inayoweza kugeuzwa kuwa hisa, mikopo iliyotolewa na wanahisa wakubwa na maazimio ya mkutano mkuu yanayoruhusu kuongeza hisa. Kadiria idadi ya hisa iwapo nusu ya madeni itageuzwa kwa bei ya leo, kisha urudie hesabu ya Hatua ya 2. Hisa ikibaki yenye mvuto hata baada ya idadi yake kuongezeka mara tatu au nne, endelea.

## Hatua ya 7: Hakikisha unaweza kutoka

Toa wastani wa hisa zinazouzwa kwa siku katika miezi mitatu. Ondoa siku moja au mbili zenye mauzo makubwa kupita kiasi, kwa sababu huenda ni mtu mmoja aliyemuuzia mwingine kwa makubaliano. Hisa unazotaka kununua zisizidi sehemu ya kumi ya wastani huo. Zaidi ya hapo, wewe mwenyewe utakuwa unaishusha bei siku ya kuuza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Unanunua hisa 40,000 kwa senti 50 kila moja. Unalipa Sh20,000, na ada zote kwa makadirio ya asilimia 2 ni Sh400. Siku inayofuata unataka kuuza, na upande wa wanunuzi unaona hivi: hisa 5,000 kwa senti 46, hisa 12,000 kwa senti 45, na hisa 23,000 kwa senti 44. Ukiuza zote unapata Sh17,820, na ukitoa ada unabaki na Sh17,463. Umepoteza karibu Sh2,940, zaidi ya asilimia 14, wala hakuna habari mbaya yoyote iliyotoka. Katika hisa ya senti, pengo la senti nne kati ya mnunuzi na muuzaji ni kubwa kuliko gawio ambalo kampuni nyingi nzuri hulipa kwa mwaka.

Habari mbaya zikitoka, hali hugeuka. Katika soko la Nairobi bei kwa kawaida hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Kanuni hiyo hutuliza hofu, lakini pia humfungia muuzaji ndani: bei inashuka hadi kikomo asubuhi, wauzaji wanapanga mstari, mnunuzi hayupo, na kesho yake yanarudia hayohayo.

Halafu kuna kusimamishwa. Biashara ya hisa za Kenya Airways ilisimamishwa tarehe 3 Julai 2020, bei ikiwa Sh3.83, wakati serikali ilipokuwa ikipanga kulitaifisha shirika hilo. Katazo lilitolewa kwa muda mfupi, likaongezwa, likaongezwa tena, na hisa zilirudi sokoni Januari 2025. Bei ilipanda ziliporejea, nami nafurahi kwa waliovumilia. Hata hivyo, kwa miaka minne na nusu hakuna aliyeweza kuuza hisa zake sokoni ili kulipa bili ya hospitali, na katikati ya muda huo, Februari 2024, serikali ilitoa hati fungani ya miundombinu iliyolipa riba ya zaidi ya asilimia 18 bila kodi. Gharama ya fedha zilizofungiwa ni pamoja na kila kitu ambacho zingeweza kufanya kwingine.

## Hatua ya 8: Mchunguze aliyekuletea habari

Hisa za senti ndizo rahisi zaidi kuchezewa, kwa kuwa fedha kidogo hutosha kupandisha bei kwa asilimia 10. Mtindo wenyewe ni wa kawaida: watu wachache hununua taratibu, kisha ujumbe huanza kusambaa kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram kwamba mwekezaji wa kigeni anakuja, bei inapanda siku tatu mfululizo, na wageni wanapoingia kwa wingi wale wa kwanza wanawauzia.

Kwa kila habari, tafuta tangazo rasmi la kampuni kwa soko. Lisipokuwepo, chukulia kwamba habari haipo. Na habari ikiwa kweli ni ya siri kutoka ndani ya kampuni, kununua kwa kuitegemea ni kosa kisheria, kwa hiyo katika hali zote mbili huna haki wala sababu ya kununua. Usimpe mtu yeyote neno la siri la akaunti yako ili akufanyie biashara.

## Hatua ya 9: Weka oda yenye bei ya kikomo

Ukifika hapa na bado unataka kununua, mwambie dalali bei ya juu kabisa unayokubali, au uiandike kwenye programu yako. Usiweke oda ya kununua kwa bei yoyote iliyopo sokoni, kwa kuwa kwenye hisa yenye wauzaji wachache oda ya namna hiyo inaweza kukunyanyua ngazi nne kwa mpigo. Gawanya ununuzi katika sehemu tatu zilizoachana kwa wiki kadhaa. Oda isipotimia, iache. Utajua umefaulu hisa zitakapoonekana kwenye taarifa yako ya CDS, kwa idadi uliyokusudia na kwa bei isiyozidi kikomo chako.

## Hatua ya 10: Baada ya kununua

Andika siku hiyohiyo matukio yatakayokufanya uuze bila kujadiliana na nafsi yako: mkaguzi kujiuzulu, hesabu kuchelewa, mkopo mkubwa kushindwa kulipwa, mkuu wa fedha kuondoka ghafla, au tangazo la hisa mpya nyingi. Bei isiwe kigezo pekee, kwa kuwa katika hisa hizi inaweza kushuka kwa sababu ya muuzaji mmoja aliyekwama kwa fedha.

Bei ikishuka, usinunue zaidi ili kupunguza wastani wa gharama yako. Wastani huo unapungua kwenye daftari tu, huku kiasi ulichokiweka hatarini kikizidi kukua na kikomo cha Hatua ya 1 kikivunjwa. Ukitaka kuongeza, rudia ukaguzi wote kwa ripoti mpya kana kwamba huna hisa hata moja.

## Ikiwa hisa zako tayari zimesimamishwa

Kusimamishwa hakufuti umiliki, na hisa zako hubaki kwenye akaunti ya CDS. Chukua taarifa ya akaunti na uihifadhi, hakikisha namba ya simu, anwani na akaunti yako ya benki ni za sasa, na uwaeleze warithi wako kwamba hisa hizo zipo.

Fuatilia matangazo ya msimamizi au ya mahakama, na uhudhurie mkutano wowote wa wanahisa utakaoitishwa, kwa sababu ndipo maazimio ya kugeuza madeni kuwa hisa hupigiwa kura. Ukishindwa kufika, jaza fomu ya kumteua mwakilishi na uirudishe kabla ya muda uliotajwa.

Atatokea mtu atakayekupigia simu akidai kwamba anaweza kuziuza hisa zako kwa mnunuzi wa nje, mradi ulipe ada ndogo kwanza. Usilipe. Mpigie dalali wako au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, na uwape jina la aliyekupigia pamoja na namba ya akaunti aliyotaka fedha ziingizwe.